Msiikate "Mario"

Kila inapokaribia Oktoba 12, siku aliyofariki Luambo Makiadi, mwanamuziki wa Kongo tunayemjua kama Franco, simu zetu hujaa rumba. Mtu anarusha kipande cha wimbo wake "Mario" kwenye kundi la familia, wa pili anakisambaza kwa wenzake wa kazini, na chini yake yanafuata maneno yaleyale: huu ndio muziki, siku hizi hakuna kitu. Kipande chenyewe hakifiki dakika moja. Tangu Desemba 2021, UNESCO ilipoiingiza rumba ya Kongo kwenye orodha ya Urithi wa Utamaduni Usioshikika, mapenzi haya yamezidi, na mimi ni mmoja wa waliofurahi. Lakini nadhani tunalisoma vibaya jambo lililo mbele yetu. Tunadhani tunashangilia muziki wa enzi tulivu, kabla vijana hawajaharibu mambo. "Mario" ilitoka mwaka 1985, Franco akiwa na umri wa miaka 47 hivi, na wakati huo vijana wa Kinshasa na maprodyuza wa Paris walikwisha kuiona rumba ya bendi kubwa kuwa ni muziki wa wazee. Wimbo tunaouita wa zamani ulikuwa jibu la mzee kwa muziki mpya. Ninachotetea hapa ni kwamba rekodi zake za mwisho, kuanzia 1983 hadi kifo chake mwaka 1989, ndizo kazi yake ya kijasiri kuliko zote: ladha za watu zilipokimbilia kasi, yeye alipunguza mwendo na kurefusha maneno. Na neno letu "zilipendwa", kwa uzuri wake wote, linatuziba masikio tusilisikie hilo.

Franco alizaliwa Sona-Bata mwaka 1938, akakulia Kinshasa, enzi hizo Léopoldville, ambako mama yake aliuza maandazi sokoni na mtoto akakaa kando akipiga gitaa ili wateja wasogee. Juni 1956, kabla hajatimiza miaka 18, alikuwa miongoni mwa vijana walioanzisha OK Jazz, bendi iliyopata jina kwenye baa waliyokuwa wakipiga. Baadaye bendi ikawa TP OK Jazz, na ikaja kuwa na wanamuziki zaidi ya 30: safu ya waimbaji, safu ya saksafoni na tarumbeta, magitaa kadhaa yanayojibizana, na wapigaji wa ziada wa kupokezana zamu usiku ukiwa mrefu. Bendi ya namna hiyo ni ajira ya watu, ni mishahara, vyombo, usafiri, kodi za nyumba na misiba ya kuchangia. Franco aliikalia kama mwenye kampuni. Alikuwa na lebo zake, alikuwa na ukumbi wake wa Un-Deux-Trois jijini Kinshasa, na aliwahi kukiongoza kiwanda cha santuri cha MAZADIS. Serikali ya Rais Mobutu ilimvisha nishani, ikamfunga mwaka 1978 pamoja na baadhi ya wanamuziki wake kwa nyimbo zilizohesabiwa kuwa matusi, kisha mwaka 1980 akapewa hadhi ya Grand Maître, yaani bingwa mkuu wa muziki. Mtu aliyefika hapo ana kila sababu ya kupiga nyimbo zake za ujana mpaka azikwe nazo.

Sasa angalia kilichokuwa kikimzunguka. Desemba 1969 walizaliwa Zaiko Langa Langa, vijana wa shule waliotupa saksafoni na tarumbeta, wakaweka mbele dramu na magitaa, wakaipa sebene, ile sehemu ya kasi ambapo magitaa hutawala na watu hucheza, heshima ambayo zamani ilikuwa ya mwimbaji. Mdundo wao wa kavasha ulivuka ziwa na mipaka, na bendi nyingi za Nairobi na Dar es Salaam ziliuchukua na kuufanya wao. Mwaka 1977 Papa Wemba akaanzisha Viva La Musica, na mavazi yakawa na uzito sawa na sauti. Miaka ya 1980 ilipoingia, pigo jingine likatoka Paris. Kule prodyuza hakuhitaji bendi. Alikodi studio, akaita wapiga gitaa wawili watatu wenye vidole vyepesi, mpiga besi na waimbaji wa kitikio, mashine ikapiga ngoma, na baada ya siku chache alikuwa na santuri ya kuuza Abidjan, London na Nairobi. Mwimbaji Kanda Bongo Man alijijengea jina kwa kuiruka ile sehemu ya taratibu ya mwanzo na kuingia kwenye sebene moja kwa moja, kama mtu anayepakua nyama kabla ya ugali. Wakati huohuo bendi ya Kassav' walikuwa wanaiteka Afrika kwa zouk kutoka visiwa vya Antilles. Na nyumbani Zaire, kama Kongo ilivyoitwa enzi hizo, pesa ilikuwa imekufa. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka tangu katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 1983 sarafu ya zaire ikashushwa thamani kwa kishindo. Kuwalisha wanamuziki zaidi ya 30 katika nchi hiyo, mshindani wako akiwa na watano na mashine, halikuwa jambo la ladha peke yake. Lilikuwa jambo la hesabu.

Njia zilizokuwa wazi zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kukimbia na vijana: punguza bendi, ongeza kasi, toa dakika nne za sebene, tafuta mtu wa kupiga kelele za kuchangamsha ukumbi. Ya pili ni kurudi nyuma na kuwauzia waliokua pamoja naye nyimbo za 1965 kwa mlio safi zaidi. Wakubwa wengi wa muziki duniani, umri ukisogea, huchagua moja ya hizo. Franco alizikwepa zote mbili. Alichukua santuri ndefu, ile ile iliyowapa maprodyuza wa Paris nafasi ya kurefusha sebene, akaijaza maneno. "Très Impoli" ya 1984 ni karipio kwa mgeni asiye na adabu, yule anayeingia nyumbani kwa watu akavua viatu soksi zikinuka, akaenda mwenyewe kufungua friji. Katika "Mamou", ya mwaka huohuo, wanawake wawili marafiki wanavunjiana siri za ndoa. Nyimbo hizi hazina haraka. Gitaa linashika mzunguko mfupi na kuurudia kama mtwangaji kwenye kinu, Madilu System, mwimbaji wa bendi, anaimba kwa ile sauti ya juu yenye kilio, kisha inaingia sauti nzito ya Franco ambayo haiimbi sana, inasema. Inauliza, inasuta, inanyamaza, inarudi palepale ilipoachia.

Nimekulia Kigoma, na jirani yetu alikuwa fundi cherehani aliyetoka Uvira. Kanda yake ya "Mario" ilikuwa imechoka mpaka sauti inayumba. Magitaa yakiwa peke yake, mguu wake ulikanyaga cherehani kwa mwendo wa wimbo. Franco akianza kusema, mguu ulisimama, sindano ikiwa bado ndani ya kitambaa, na fundi akatufasiria Kilingala kwa Kiswahili chake cha Kongo mpaka maneno yalipokwisha. Mteja angesubiri. Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa naoneshwa jinsi wimbo ule ulivyotengenezwa: sehemu ya mguu na sehemu ya sikio, na mtunzi anajua lini akusimamishe.

Wanaoziona rekodi hizi kuwa ni kushuka kwa Franco wana hoja, na moja yao nzito. Nianze na ya muziki wenyewe. Ukiisikiliza OK Jazz ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, utasikia utajiri wa melodia ambao baadaye unapungua. Wapulizaji walikuwa na mazungumzo yao, waimbaji wawili watatu walisuka sauti, wimbo ulipanda na kushuka ndani ya dakika nne au tano. Miaka ya 1980 wapulizaji wanasukumwa nyuma, mzunguko wa gitaa unajirudia, na kiongozi anahubiri. Wapo wanaosema alikuwa amechoka kutunga, akajificha nyuma ya maneno. Nakubali kwamba kuna kilichopotea. Siwezi kusikiliza nyimbo tano za namna hiyo mfululizo bila kutamani saksafoni inyanyuke. Lakini kurudia huku si uvivu wa mkono. Sikia gitaa lake lilivyo hata miaka hiyo: dole gumba na kidole cha shahada vinakwanyua nyuzi mbili kwa mpigo, sauti moja ikiibeba nyingine, na kila mzunguko una kitu kidogo kilichosogezwa, noti iliyocheleweshwa, uzi uliokwanyuliwa kwa nguvu zaidi kidogo. Anayesimulia anahitaji sakafu isiyotikisika chini yake. Wanaojua utenzi wanalijua hili: mahadhi ya utenzi hayabadiliki beti mia tatu, na hakuna anayesema mshairi amechoka.

Hoja ya pili ndiyo nzito, na sitaikimbia. Mwaka 1984 Franco alitoa "Candidat na Biso Mobutu", wimbo wa kumpigia debe Mobutu katika uchaguzi ambao Mobutu hakuwa na mpinzani. Inakuwaje mtu anayewasuta wageni wanaofungua friji za watu anashindwa kumsuta aliyefungua hazina ya nchi nzima? Watetezi wake hutuambia kwamba alikwisha kuonja jela, kwamba hakuna msanii wa Zaire aliyeweza kukataa, na kwamba mwaka 1983 yeye na Tabu Ley, mwimbaji mwingine mkubwa wa Zaire, walitoa "Lettre à Mr. le Directeur Général", wimbo uliowasema wakubwa wa maofisini waziwazi. Yote ni kweli, na bado hayaifuti ile santuri ya 1984. Karipio la Franco lilikuwa na dari. Lilipanda mpaka kwa mkurugenzi, likaishia hapo. Mtu anayezisikiliza rekodi hizi kwa uaminifu lazima aishike dari hiyo mkononi muda wote, kwa sababu inaeleza pia kwa nini zimejaa mambo ya chumbani, sebuleni na jikoni. Nyumba ndiyo iliyokuwa sehemu pekee ya Zaire ambayo mtu angeweza kuijadili kwa robo saa bila kuitwa. Franco akaijadili kwa undani mpaka nchi ikaonekana kupitia dirishani.

Hoja dhaifu ndiyo inayorudiwa kuliko zote: kwamba watu walinunua rekodi hizo kwa mazoea, kwamba ni wazee waliokuwa wakimkumbuka Franco wa ujana wao, na vijana walikuwa wameshahama. "Mario" inaivunja hoja hii yote. Kisa chake ni cha kijana aliyesoma, mwenye vyeti vyake, anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri na mwenye pesa. Hatafuti kazi, analala kwake, na bado anamfanyia vurugu. Jiulize kijana huyo angetoka wapi mwaka 1965. Wakati ule mwenye cheti alikuwa akigombewa, nchi changa ilikuwa na viti vitupu vya makarani na wakurugenzi. Mario ni mtoto wa 1985, wa chuo kilichozalisha wahitimu na uchumi usiokuwa na mahali pa kuwaweka. Hakuna kumbukumbu ya ujana wa mtu yeyote ndani yake. Ni habari ya mtaani ya wiki ileile. Tena tazama kilichotokea kwenye lugha yetu. Mpaka leo, mtaani Tanzania, mwanamume anayelelewa na mwanamke anaitwa mario. Vijana wanaolitumia neno hilo hawajui Kilingala, wengi hawajawahi kuisikia OK Jazz. Wimbo wa kuliwaza wazee hauachi neno jipya kwenye midomo ya wajukuu wao, tena katika lugha ya nchi nyingine.

Na hakuwa amejifungia na watu wa rika lake. Madilu, aliyebeba nyimbo hizi kubwa, aliingia OK Jazz mwaka 1980. Ndiye sauti ya Franco wa uzeeni kuliko mwimbaji yeyote aliyeanza naye. Mwaka 1986 akamweka mbele Jolie Detta, mwanamke, kwenye "Massu", katika bendi ambayo kwa miaka 30 ilikuwa ikiimba habari za wanawake kwa midomo ya wanaume. Aliwasikiliza vijana vizuri. Alichokataa ni kuiga mwendo wao.

Kisha ukaja mwaka 1987 na "Attention na SIDA", wimbo wa kuonya juu ya UKIMWI. Nauhesabu kuwa ndio kilele cha kipindi hiki, ingawa si mzuri wa kucheza kama mingine. Kwa zaidi ya robo saa, kwa Kifaransa na Kilingala, anazungumza na wanafunzi, wazazi, walimu, waganga, viongozi wa dini, akieleza ugonjwa unavyoambukizwa na kuwasihi watu wasiwatenge wagonjwa. Wakumbuke walioishi enzi hizo: katika nchi nyingi serikali zilikuwa zinanong'ona, magazeti yanazunguka, na mitaani watu wanasema ni uchawi au ni maneno ya wazungu. Aliyesema kwa sauti alikuwa mwanamuziki mnene wa miaka 49 ambaye biashara yake yote ilikuwa ni mapenzi ya usiku. Wimbo wa dakika nne wa sebene usingeweza kuibeba kazi hiyo. Ule mtindo wa kusema, uliokwisha kuzoeshwa masikio ya watu kwa soksi zinazonuka na ugomvi wa marafiki, ndio uliokuwa tayari siku neno zito lilipohitajika. Miaka michache baadaye Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyekuwa Mtanzania kwa moyo wote, alitoa "Mambo kwa Soksi" kuhusu kondomu, na kule kusema kwake moja kwa moja na msikilizaji, kama mjomba aliyekushika bega, nakusikia kukitoka kwenye barabara hiyohiyo. Uvumi juu ya maradhi yaliyomuua Franco mwenyewe umeufunika wimbo huu mpaka wengi wanauzungumzia kama ushahidi wa mahakamani. Ni dhuluma kwa kazi iliyowaonya watu wengi wakati onyo lilikuwa adimu.

Alipanda jukwaani Amsterdam Septemba 22, 1989, amekonda, na wiki tatu hazikutimia akafia Namur, Ubelgiji, akiwa na miaka 51. Zaire iliomboleza kitaifa. Bendi iliendelea kwa miaka michache, halafu Simaro Lutumba na wenzake wakaondoka na kuanzisha Bana OK. Bila yule mwenye kampuni, hesabu zilizoahirishwa miaka ya 1980 zilidaiwa zote kwa mara moja.

Haya yote yana maana gani kwetu, tunaorusha vipande? Kwanza, kipande cha sekunde 30 kutoka kwenye wimbo wa robo saa uliojengwa kwa subira kinakupa sauti ya Franco na kukunyima kazi yake. Unapata sebene bila kesi iliyosikilizwa kabla yake. Maduka ya muziki ya intaneti nayo yamezidi kutuchanganya: rekodi ya 1985 inawekewa mwaka wa CD iliyotolewa baada ya kifo chake, nyimbo za 1960 na za 1987 zinalala kwenye albamu moja ya "bora za Franco", na msikilizaji wa miaka 20 anabaki na mzee mmoja asiye na umri, aliyepiga vitu vyote siku moja. Mtu huyo hawezi kujua kwamba kulikuwa na pigano. Mwaka sahihi kwenye jina la wimbo ni jambo dogo la kiufundi, lakini bila huo mwaka "Mario" inageuka kuwa harufu ya zamani, wakati ilikuwa gazeti.

Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, tumewafanyia wakubwa wetu wa dansi hivihivi. Bendi ya NUTA Jazz ilianzishwa 1964, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park imepiga Sikinde tangu 1978. Bendi zetu nazo zilikuwa kubwa kwa sababu kulikuwa na mlipaji, chama cha wafanyakazi au shirika la umma, na mlipaji alipoyumba na redio binafsi zilipofunguka miaka ya 1990, zikakutana na mtihani uleule wa Franco: watu wengi jukwaani, ladha mpya mtaani. Hazikunyamaza. Ziliendelea kutunga, zikaendelea kuimba mambo ya wakati uliopo. Muhidin Gurumo, mwimbaji wa Msondo Ngoma, alistaafu muziki mwaka 2013, miezi michache kabla ya kifo chake Aprili 2014, baada ya nusu karne ya kazi, lakini muulize mtangazaji yeyote wa kipindi cha Jumapili akupigie alichoimba katika miaka yake 15 ya mwisho, uone atakavyorudi kwenye kanda zilezile za Redio Tanzania za miaka ya 1970 na 1980. Kipindi kinaitwa zilipendwa, na wimbo ambao haukupewa nafasi ya kupendwa hauwezi kuingia humo. Kwa hiyo mtunzi wa miaka 65 mwenye wimbo mpya hana mlango: redio za vijana zinamwona mzee, na kipindi cha wazee kinamtaka awe na miaka 30.

Wanaohifadhi nao wanafuata njia hiyo. Kanda za kwanza ndizo zinazotafutwa, zinazosafishwa, zinazoandikiwa makala. Kinachoitwa urithi kinakatwa pale msanii alipofika miaka 40. Kama Kinshasa ingehifadhi rumba kwa kipimo hicho, ingebaki na OK Jazz nzuri ya kucheza, bila "Mario", bila "Mamou", bila "Attention na SIDA". Hapa kwetu waliopiga na wakubwa wa dansi waliokwisha kufariki wapo bado, wanajua ni wimbo gani ulirekodiwa studio gani, nani alishika solo siku ile na nani alilipwa. Wengine wanapiga Jumamosi hii. Mtangazaji mwenye saa mbili za Jumapili anaweza kumwita mmoja wao, kumwomba alete wimbo alioutunga baada ya nywele kuota mvi, na kuuacha uishe.